Mwongozo kamili wa kuandaa onyesho la kushona viraka kwa watoto na familia, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Wapendwa habari zenu. Huku kusini watu wenye moyo wa kufundisha watoto kushona tunao wengi tu, ila siku ya onyesho ikifika unakuta fundi kasimama mbele anaongea weee, watoto nyuma hawaoni chochote, wameshaanza kusukumana, wakina mama wanaangalia saa wakawahi kupika, mwisho watu wanapiga makofi wanaondoka na hakuna aliyeshika hata sindano. Huu mwongozo ni kwa yule anayetaka kufanya onyesho la viraka, yaani ile kazi ya kukata vipande vya vitenge na kanga kuukuu, kuviunganisha kwa mpangilio mpaka upate uso mzuri, unaweka kitu cha katikati, unaweka kitambaa cha nyuma, alafu unashonea matabaka yote matatu yashikane.

Msimamo wangu ni mmoja, panga kuanzia mwisho. Kwanza jiulize mtoto ataondoka na nini mkononi, kitu kilichoisha kabisa na alichokishona na mtu wa kwao, ukishapata hilo jibu ndo unarudi nyuma kupanga vitambaa, muda, mahali na watu wa kukusaidia. Ukianzia kwenye hotuba na spika utamaliza na hotuba na spika.

Kitu cha kuondoka nacho

Blanketi zima halishoniki asubuhi moja, usijidanganye. Ninachopendekeza ni kitambaa cha viraka tisa, mistari mitatu ya vipande vitatu vitatu, kinachofaa kuwekea sufuria mezani au kufunikia hotpoti. Kata kila kipande sentimita 12 kwa 12, mshono uingie sentimita 1 kila upande, kipande kikishashonwa kinabaki sentimita 10, kwa hiyo kitambaa kizima kinatoka sentimita 30 kwa 30. Mafundi wa viraka wa Ulaya na Marekani huwa wanaacha kama milimita 6 tu za mshono, ila kwa mkono wa mtoto hiyo ni ndogo mno, kitambaa kitachomoka, bora hiyo sentimita nzima.

Sasa piga hesabu ya muda mana hapa ndo wengi wanapoangukia. Viraka tisa vina mishono mifupi sita ya sentimita 12 na mishono mirefu miwili ya sentimita 32. Ile mifupi sita jumla yake sentimita 72, familia ikigawana mtoto na mama au mtoto na bibi inawezekana ndani ya saa moja hivi bila presha. Ile mirefu miwili usiwape, mpe fundi mwenye cherehani ya miguu, anapitisha dakika chache na watoto wanapenda mno kuiona ile sindano inavyokimbia. Na cherehani ya miguu haijali umeme umekatika.

Lini na wapi

Mwezi wa 6 wakati wa likizo ndo wangu, mvua zimeshaisha, joto limepungua, mavuno yameshaingia ndani na watu wana nafasi. Mwezi wa 10 na wa 11 uache, watu wako kwenye korosho, utapata watoto wawili watatu na mbwa wa jirani. Mwezi wa 12 shule zimefungwa ila mvua zinaanza, kama huna ukumbi ni kubahatisha. Alafu ulizia mtaani kwako kuhusu jando na unyago, mana likizo ndo wakati wake, ukigongana na ngoma ya kuwatoa wali hakuna atakayekuja kwako na ni sawa tu, ile ni shughuli kubwa.

Siku iwe Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi. Ijumaa mchana watu wanaenda msikitini, Jumapili asubuhi kule Masasi na Ndanda utawakosa wa kanisani, na hata hiyo Jumamosi kaongee na ustadhi wa madrasa ya karibu kwanza, unamwambia shikamoo, unamweleza, mara nyingi atakuruhusia watoto au atakwambia wanatoka saa ngapi ukapanga kwa hiyo saa. Usiwaweke watoto kwenye kuchagua kati yako na madrasa.

Mahali, tafuta kivuli kipana chenye sakafu au unaloweza kutandika majamvi. Darasa la shule ya msingi ni zuri, baraza la nyumba za zamani kule Mikindani ni zuri zaidi mana upepo wa bahari unapita na watu wanaopita njiani wanaona, viwanja vya Ngongo pale Lindi wakati wa Nanenane pia pana umati tayari ila kuna vumbi, utahitaji turubai chini. Mwembe sawa. Chini ya mkorosho wakati wa msimu hapana kabisa, bibo likidondokea kitambaa hilo doa halitoki, na watoto waliotoka kula mabibo wanawe mikono kwa sabuni kabla hawajagusa chochote. Ruhusa ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mwalimu mkuu chukua mapema, kama utapiga picha za watoto waulize wazazi wao mmoja mmoja.

Vitambaa, na hapa nitakaa kidogo

Mwezi mmoja kabla zungukia mafundi cherehani wa mtaani, waachie kila mmoja mfuko wa salfeti, mwambie kaka au mzee wangu naomba mabaki ya vitenge ya pamba usitupe. Ukimwachia mfuko atakumbuka, ukimwambia tu kwa mdomo atasahau. Ukirudi chambua, vitambaa vinavyoteleza kama satini na vile vinavyovutika vya tisheti weka pembeni, kwa mtoto anayeanza vinamkatisha tamaa. Kitenge cha pamba, kanga, mashati ya shule, khaki, hivyo ndo vyenyewe.

Vyote vifuliwe kabla, hasa kanga nyekundu na nyeusi mana zinachuja rangi, ukishona nyekundu na nyeupe bila kufua, siku mama akifua nyumbani kile cheupe kinageuka pinki na kazi ya mtoto imeharibika. Fua, anika, piga pasi, ndo ukate. Kata kipimo kwenye boksi gumu sentimita 12 kwa 12, pitisha kipande cha sabuni kavu pembeni yake, mstari unaonekana vizuri kwenye rangi za giza na ukifua unaondoka. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110, ukiikata yote unapata vipande 108, maana yake vinatosha familia 12. Ila usitumie kanga moja, raha ya viraka ni kuchanganya, tafuta aina sita au saba, za giza na za mwanga, na kata ziada kama theluthi mana watoto watataka kubadilisha.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote. Kwenye tangazo lako waambie kila familia ije na kitambaa kimoja cha kwao. Sketi ya shule iliyombana dada, shati la baba, kanga ya bibi. Ukifanya hivi onyesho linabadilika kabisa, mana mtoto akishaweka kipande cha sare yake pembeni ya kanga ya bibi yake, hutahitaji kumwambia atulie, bibi mwenyewe ataanza kusimulia kanga ile aliinunua wapi na alivaa kwenye harusi ya nani, na mtoto anashona huku anasikiliza. Kuna bibi alishika kanga yake iliyochakaa mpaka unaona mwanga upande wa pili, akaikunjua kwenye mkeka taratibu, akamwonyesha mjukuu sehemu ambayo mama yake alikuwa anabebewa mgongoni, alafu akasema kata hapahapa. Wote tulionyamaza pale tulijua kwa nini.

Kwa hiyo heshima ni lazima. Usishike mkasi ukakata kitu cha mtu. Uliza, "Shikamoo bibi, tunaweza kutoa kipande kwenye hii?" na akikubali mpe yeye mkasi. Nyingine ni za marehemu, za msibani, mtu ameileta tu aioneshe na hataki ikatwe, ikunje umrudishie kwa mikono miwili. Na kwenye kanga angalia jina, yale maandishi, usiyakate katikati, watu wanajali. Maandishi ni marefu hayaingii kwenye kiraka cha sentimita 12, yatoe mazima kama ukanda uyaweke pembezoni mwa blanketi la pamoja ambalo nitalieleza. Pindo la kanga nalo linatoa viraka vizuri sana vya kona.

Cha ndani, tumia blanketi jepesi kuukuu lililofuliwa, kata sentimita 32 kwa 32. Sufi ni nzuri kwa mito ila kwenye onyesho la watoto inapaa, inaingia puani, mwenye pumu atapata shida, iache. Na kwa blanketi la kujifunikia hapa Mtwara mjini au Lindi huhitaji hata cha ndani, joto letu tunalijua, labda Newala kule juu usiku wa mwezi wa 7. Wanawake wa Bengali, huko Bangladesh na India, wana kazi yao inaitwa kantha, wanapanga sari zilizochakaa moja juu ya nyingine wanazipitisha bandi, yaani ule mshono wa sindano kuzama na kuibuka, mwanzo mpaka mwisho, hakuna cha ndani, na zinadumu. Kanga tatu juu ya nyingine zinafanya kazi hiyohiyo.

Watu wa kukusaidia

Msaidizi mmoja kwa watoto wanne au watano, isizidi. Mabibi wanaosuka mikeka ndo walimu wako wa kwanza, hata kama hawajawahi kushona viraka, mana kazi ni ileile ya ukili, unasuka vipande vyembamba kimoja kimoja alafu unaviunga mpaka vinakuwa mkeka, ukimwambia hivyo bibi anaelewa palepale na anamweleza mjukuu vizuri kuliko wewe. Alafu tafuta fundi mwanaume mmoja, na apatikane kweli, mana mafundi wetu wengi wa barazani ni wanaume na bado kuna baba atasema kushona sindano ya mkono ni kazi ya wasichana. Wavulana wakimuona fundi ameketi nao wanakaa bila kuambiwa.

Vifaa vya sindano na usalama

Sindano za mkono zenye tundu kubwa, hesabu zako ziandike kwenye karatasi, zimetoka 30 zirudi 30. Sheria moja tu ya watoto, sindano inakaa kwenye kitambaa au kwenye kimto chake, haikai mdomoni, haikai kwenye nguo, haikai chini. Toa sumaku kwenye spika mbovu, ipitishe juu ya mkeka kila baada ya muda, sindano zilizodondoka zinaruka zenyewe. Uzi utunge kabla hawajafika, tunga sindano zote uzichomeke kwenye kitambaa kimoja chekundu, mana kutunga uzi peke yake kunaweza kula nusu saa ya onyesho lako. Pasi ya mkaa iwe mbali, upande ambao upepo hauleti cheche, mtu mzima mmoja haondoki pale. Plasta mbili tatu ziwepo.

Watoto wa miaka mitatu mpaka mitano usiwape sindano. Wape boksi lenye matundu na kamba ya kiatu wapitishe juu chini, au wape kazi ya kukunja pembetatu, hii nitaeleza.

Siku yenyewe

Kabla hawajafika tundika kamba kati ya miti au kuta mbili, anika blanketi moja lililokamilika, zuri kuliko yote uliyonayo, mahali mtu anapoingia analiona. Sio urembo tu. Kuna mzazi anayeona viraka ni umaskini, nguo ya viraka aliwahi kuchekwa nayo shuleni, na hataki mwanae ashike. Huyo usibishane naye, mwache aone. Akiuliza mweleze kwamba kuna kijiji Alabama, Marekani, panaitwa Gee's Bend, wanawake weusi wa pale walikuwa wanashona viraka kwa nguo za kazi za shambani zilizochakaa ili familia zisilale na baridi, na mwaka 2002 kazi zao zikatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya sanaa Houston na New York.

Maneno ya mwanzo yasizidi dakika kumi. Salamu, sheria ya sindano, alafu mshono. Mshono wenyewe usiuonyeshe kwa sindano halisi, hakuna atakayeona. Chukua boksi kubwa, toboa matundu, pitisha kamba ya katani, inuka juu, "tunazama, tunaibuka, tunazama, tunaibuka", watoto waseme pamoja nawe. Dakika mbili hata wa nyuma kabisa ameelewa. Pembeni weka ubao wenye sampuli za kila hatua, vipande viwili vimeunganishwa, mstari mmoja umeisha, mistari mitatu, kitambaa kimegeuzwa, ili aliyechelewa ajue yuko wapi bila kukuuliza.

Baada ya hapo kila familia ichague vipande tisa na kuvipanga kwenye mkeka. Hapa usiwaharakishe. Waambie tu wakunje macho kidogo waangalie, kama rangi za giza zote ziko upande mmoja wazisambaze. Mtoto ndo aamue, mzazi akianza kupanga yeye mwambie kwa upole mama fulani hebu tumwachie huyu fundi wetu.

Kushona sasa. Vipande viwili viangaliane, upande mzuri kwa upande mzuri, pini mbili. Mstari wa sabuni sentimita 1 kutoka ukingoni, mtoto afuate mstari tu. Uzi uwe mara mbili umefungwa fundo mwishoni, hivyo sindano haichomoki kila saa, na usizidi urefu wa mkono wa mtoto, uzi mrefu unajisokota na hapo ndo machozi yanapoanzia. Bandi ziwe kama nusu sentimita, aanze kwa kurudi nyuma mara mbili na amalize hivyohivyo. Bandi zikiwa kubwa kubwa mwanzoni ziache, zikipinda ziache, wewe angalia tu kama kuna pengo linalopitisha kidole, hilo ndo linarudiwa. Msifumue kazi ya mtoto mbele yake kwa sababu haijanyooka.

Mstari ukiisha unapigwa pasi, mstari wa kwanza na wa tatu mishono ilale kulia, wa katikati ilale kushoto, zikikutana kona zinakaa vizuri hazivimbi. Mistari inaenda kwa fundi wa cherehani. Kisha weka cha ndani chini, juu yake kitambaa cha nyuma upande mzuri ukitazama juu, juu yake viraka upande mzuri ukitazama chini, fundi azungushe pande zote aache mdomo wa sentimita 10. Geuza, sukuma kona kwa kijiti, ziba mdomo kwa mkono. Mwisho mtoto anafunga mafundo manne pale kona za kiraka cha katikati, uzi mnene wa kudarizi unashuka chini, unapanda milimita 3 pembeni, funga mara mbili, kata ubakize sentimita 2. Hayo mafundo ndo yanashikilia matabaka, mtoto wa miaka sita anaweza.

Kabla ya kuzungusha ule mshono wa mwisho, wale wadogo waliokuwa wanakunja pembetatu wanaleta zao. Hii nimeichukua kwa Wasiddi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, wanaoshona mablanketi yao yanaitwa kawandi kwa nguo kuukuu, wanaanzia ukingoni wanazunguka kuelekea katikati, na kila kona wanaweka pembetatu zilizokunjwa wanaziita phula, blanketi bila phula kwao liko uchi. Unachukua kipande cha sentimita 8, unakunja kona kwa kona, unakunja tena, imeisha. Ichomekwe kwenye kona ncha ikitazama ndani, ukigeuza inatokeza nje. Mdogo wa miaka minne naye ana chake kwenye kitambaa cha familia, na watoto wetu wa pwani wanapenda kusikia kwamba kuna watu wa asili ya huku ng'ambo ya bahari wanakunja hivyohivyo.

Wanaopita tu

Kuna watu hawana saa mbili za kukaa, wametoka sokoni, wanachungulia. Kwa hao tandika blanketi la pamoja katikati, uso wake umeshaushona kabla, vitambaa 20 vya viraka tisa, vinne kwa vitano, linatoka sentimita 120 kwa 150. Nyuma shuka kuukuu la futi 5 kwa 6, lile jina la kanga pembezoni. Kila anayepita anafunga fundo moja pale vipande vinapokutana, zipo kona 154 za ndani bila kuhesabu ukingo, zinatosha mtaa mzima. Watu wazima waliokuja kusimama tu utawaona wanapiga magoti wenyewe. Likiisha lipelekwe mlilokubaliana tangu mwanzo, maktaba, darasa la awali au wodi ya wazazi, na waambieni watu hilo kabla hawajafunga fundo la kwanza.

Uji, mihogo na maandazi viwe mwishoni na mbali na vitambaa, mana mafuta ya maandazi kwenye kitenge cheupe ni kazi nyingine. Saa 5 na nusu anza kukusanya, jua limeshapanda na watoto wamechoka. Asiyemaliza mpe sindano yake iliyotungwa, kipande cha uzi na vipande vilivyobaki ndani ya bahasha, mzazi asaini kwamba sindano ameipokea yeye. Waambie kitambaa kifuliwe kwa maji baridi mara ya kwanza, kianikwe kivulini, wasikifikiche pale kwenye mafundo. Sindano zihesabiwe kabla mikeka haijakunjwa, pitisha sumaku mara ya mwisho hata kama hesabu imetimia, na vipande vidogo visivyofaa kushona vitie kwenye salfeti, vitajaza mto.